Msimamizi na Mbuzi wa Mwezi wa Nane

Msimamizi wetu alikuwa na kengele ya shaba yenye mpini wa mbao, ya aina inayopigwa shule za msingi, na aliiweka chumbani kwake juu ya seva, ile kompyuta kuu ya ofisi. Chini ya kengele alitandika kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya njano pembeni, kama vile vinavyofunika makochi ya sebuleni. Fundi mmoja kutoka Nairobi aliwahi kumwonya kwamba kitambaa kile kitaizuia mashine kupumua. Msimamizi alikishika upande mmoja, akakikunja juu kidogo kama mtu anayepandisha sketi avuke tope, akasema, "Sasa inapumua." Kitambaa kikabaki kimekunjwa hivyo miaka yote niliyofanya kazi naye.

Watu wote ofisini walimwita Madam. Mimi pia nilimwita Madam kwa sauti, lakini moyoni alikuwa Msimamizi, kwa sababu ndilo neno lililokuwa mlangoni pake na ndilo lililokuwa kwenye barua yangu ya ajira: nitakuwa chini ya Msimamizi wa Mashine kwa miezi sita ya majaribio, na ni yeye atakayependekeza kama nithibitishwe au la. Barua hiyo niliikariri kama zaburi. Niliichambua hasa ile "au la". Kwa nini waliiandika? Sentensi ilikuwa imekwisha vizuri kwenye "nithibitishwe". Mtu fulani makao makuu alikaa, akanywa chai, akaufikiria uwezekano wa mimi kushindwa, akaona unastahili maneno mawili zaidi.

Ofisi ilikuwa Embu mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya bucha. Kazi yetu ilikuwa kuweka kumbukumbu za chanjo za mifugo, kuanzia miteremko ya Meru hadi nyanda kavu za Mbeere. Madaktari wa mifugo walichanja huko vijijini, wakajaza kadi, kadi zikaletwa kwetu katika magunia yaliyonuka mbuzi, nasi tukaziingiza kwenye kompyuta. Mfugaji aliyetaka kuhamisha wanyama wake alikuja kwetu kuchukua kibali, na hakupewa mpaka mashine ikubali kwamba wamechanjwa. Sisi juu tuliandika ng'ombe na mbuzi wakiwa wazima. Chini yetu, kwa shoka, hadithi yao iliendelea.

Msimamizi hakula nyama ya bucha ile. "Siwezi kula mtu niliyemwandika," alisema. Lakini siku ya malipo, mkahawa wa pili kutoka kwetu, alikula mbuzi choma bila wasiwasi wowote, na mbuzi huyo lazima naye alikuwa ameandikwa mahali. Nilimuuliza siku moja. Akaniangalia, akiwa na mfupa mkononi. "Huyu hatukujuana," akasema.

Mimi aliniita Digrii. Sikujua kama ni sifa au dhihaka, na nilitumia muda mwingi kulitafuta jibu katika sauti yake.

"Digrii, umeamka aje?"

"Nimeamka salama, Madam."

"Na mbona uso ni kama wa mtu ameitwa kortini?"

"Ndio uso wangu, Madam."

"Basi pole."

Yeye hakuwa na digrii. Kabla ya kompyuta alikuwa mwanamke wa simu. Kwa miaka mingi alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka nyaya, akiunganisha Meru na Embu, Embu na Nairobi, waume na wake zao, na mara nyingine waume na wasio wake zao. Ubao ulipostaafishwa, alipelekwa kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti, kitabu kinene cha mwongozo, na tabia zake zote za zamani. Mashine ilipochelewa kujibu aliinamia skrini akaiambia kwa upole, "Subiri, nakuunganisha." Alichukia umbeya kwa dhati, tena alikemea. Hata hivyo hapakuwa na ndoa, ugomvi wa shamba wala uhamisho wa daktari ambao hakuujua siku tatu kabla ya wahusika.

Kilichonishangaza ni kwamba mambo niliyosomeshwa chuoni kwa michoro ya mishale na masanduku, yeye aliyaeleza kwa vitu vya nyumbani, na yakaeleweka. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini badiliko moja la mipangilio ya seva linaonekana papo hapo na jingine halionekani hata baada ya saa nzima. Nilikuwa na hakika nimeharibu kitu.

"Kuna mabadiliko ya chumvi, ya mlango na ya kitanda," alisema, kama mtu anayetaja siku za wiki.

Ya chumvi ni kama chumvi ndani ya sufuria: ukishatia, kila anayekula anaionja mara moja. Ya kitanda hayafanyi kazi mpaka mashine yenyewe ilale na kuamka. Hayo aliyaepuka, kwani mashine yetu ilipozimwa mara ya mwisho iliamka kwa shida siku nzima, kama mgonjwa wa malaria. Yaliyobaki, na ndiyo mengi, ni ya mlango. Mtu anapoingia kwenye mashine kwa jina lake na neno lake la siri, mashine humsomea masharti ya nyumba. Baada ya hapo haimsomei tena. Ukibadilisha masharti yeye akiwa ndani, hana habari. Anaishi kwa yale aliyosomewa mlangoni mpaka atoke na kuingia upya.

"Ni kama simu," akasema. "Nikitangaza kwamba kuanzia sasa ni dakika tatu tatu, anayepiga sasa hivi atapata tatu. Lakini yule nilikwisha kumuunganisha anaendelea kuongea na shangazi yake. Tangazo limempita. Utamfanyaje? Hana kosa."

"Kwa hivyo watu wawili wanaweza kuwa ndani ya mashine moja, dakika moja, kwa sheria mbili tofauti?"

"Digrii, wewe hujaishi na mama mkwe."

Ndiyo maana ya kengele. Akibadilisha jambo la mlango alitembea ukumbini akiipiga, akisema, "Toka, ingia! Toka, ingia!" na makarani wote watano walitakiwa kuondoka kwenye mashine na kuingia tena. Hawakupenda. Kuingia kulichukua dakika nne, tano siku za mvua, kwa hiyo mtu akienda kula chakula cha mchana alipunguza tu mwanga wa skrini, na jioni aliifunika. Kulikuwa na watu waliokuwa ndani ya ile mashine tangu Pasaka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mashine yetu ilikuja ikisoma tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele, siku nyuma. Makarani walikuwa wamezoea, lakini madaktari waliandika kadi kama watu wengine wote wa Kenya, siku mbele, na kila mara ilibidi kichwa kigeuze. Mwanzoni mwa Juni, mwezi wa sita wa majaribio yangu, Msimamizi aliamua yaishe. Alibadilisha mpangilio wa tarehe Jumatatu, badiliko la mlango, na kwa kuwa alikuwa anakwenda Meru siku hiyo, akaniachia mimi kutangaza.

Ningeweza kupiga kengele. Nilifika hadi kwenye seva, nikaitazama. Nikafikiria: je, mtu wa majaribio anaruhusiwa kupiga kengele? Je, nikiipiga, karani mkuu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyenizidi kwa kila kitu isipokuwa karatasi, hataona namkosea heshima? Nikaamua kuandika tangazo. Mwongozo ulikuwa wa Kiingereza, nami nilitaka tangazo la Kiswahili safi ili hata mlinzi alisome. Nilitumia saa nzima ya chakula nikitafuta neno la ule muda ambao mtu yuko ndani ya mashine, tangu kuingia hadi kutoka. "Kipindi" lilinikumbusha redio. "Muhula" lilikuwa la shule. Mwishowe nikapata neno zito, la heshima, nikaandika kwa herufi kubwa na kubandika ubaoni: MABADILIKO YA TAREHE YATAANZA KUFANYA KAZI KIKAO KIJACHO. KUANZIA HAPO KILA MTU AANDIKE SIKU KWANZA, KISHA MWEZI.

Kila Ijumaa saa nne wafanyakazi wote tulikuwa na kikao. Kulikuwa na chai na mandazi, na karani mkuu aliandika kumbukumbu.

Sikuliona. Naapa sikuliona. Mtu anayejiuliza kama mlinzi alimwitikia salamu kwa uchangamfu ule ule wa jana hakuona kwamba ameandika neno lenye maana mbili, na kwamba moja ya maana hizo ina mandazi. Wenzangu walilisoma tangazo, wakaridhika, wakaendelea kuandika mwezi mbele hadi Ijumaa. Ijumaa tukafanya kikao. Mwishoni karani mkuu akauliza, "Na ile mambo ya tarehe, si inaanza sasa?" Nikasema, "Ndiyo, inaanza," nikifurahi kwamba wamenielewa. Wakarudi kwenye viti vyao, wakawasha mwanga wa skrini zao bila kutoka na kuingia upya, wakaanza kuandika siku mbele. Na mashine, ambayo hakuna kati yao aliyetoka ndani yake tangu Pasaka, ikasoma mwezi mbele.

Ubaya wake ni kwamba ilinyamaza. Ukiandika tarehe nane mwezi wa sita, mashine yenye sheria ya zamani inaona mwezi wa nane tarehe sita, inashukuru, inaweka. Miezi iko kumi na miwili, basi siku kumi na mbili za kwanza za mwezi wowote zilipita bila kelele. Kelele ilikuja kadi za Alhamisi ya tarehe kumi na tatu zilipoingia.

"Hii kitu imekataa kumi na tatu!" karani mkuu alipiga kelele. "Ya jana imekubali vizuri. Ya leo inaniambia mwezi huo haupo. Kwani nimetaja mwezi?"

Msimamizi alitoka chumbani kwake, akasimama nyuma yake, akaangalia skrini, kisha akatembea polepole hadi kwenye ubao wa matangazo. Alilisoma tangazo langu mara mbili.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, Madam."

"Kiswahili ni kizuri."

"Asante, Madam."

"Kizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Akapiga kengele mpaka mchinjaji akapanda kuuliza kama kuna moto. "Toka, ingia! Wote!" Alisimama nyuma ya kila mtu, akahakikisha ametoka, akahakikisha ameingia, akamwambia aandike tarehe ya leo mbele ya macho yake. Baadaye tulikaa siku mbili tukirekebisha kadi za wiki ile, moja moja, na hakunitajia tena neno kikao. Hilo lilinitisha kuliko kukemewa. Nilijua barua yangu ya kuthibitishwa ingeandikwa mwezi huo huo. Nilianza kuhesabu mara ngapi kwa siku aliniita Digrii, na kulinganisha na wiki iliyotangulia.

Siku kumi na moja baada ya kengele, Jumatatu, akaja mzee kutoka Gachoka, huko Mbeere. Alikuwa na koti la sufu katika joto lile, fimbo, na kadi ya chanjo aliyoikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Alitaka kibali cha kuleta mbuzi kumi na wawili huku juu. Jumamosi alikuwa anapeleka mahari ya mwanawe, na wakwe walikwisha kualika wazee wao. Nikamtafuta kwenye mashine. Nikamtafuta tena.

"Mzee, hawa mbuzi... mashine inasema wamechanjwa tarehe sita, mwezi wa nane."

"Hebu sema polepole, kijana."

"Tarehe sita, mwezi wa nane."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa sita, Mzee."

Alifikiri. "Kwa hivyo mbuzi wangu wamenitangulia."

"Inaonekana hivyo."

"Uliza hiyo mashine yako, huko walikofika, mvua imenyesha?"

Karani mkuu alicheka hadi akalala juu ya kibodi. Mimi sikucheka. Kadi ilisema tarehe nane Juni, lakini nilipoangalia siku iliyoingizwa, ilikuwa tarehe ishirini, wiki nzima baada ya kengele. Kwa hiyo kulikuwa na mtu bado yuko ndani kwa sheria ya zamani. Mashine huandika jina la kila aliyeingiza kadi. Nikaliangalia jina hilo, nikafunga macho, nikaangalia tena.

Lilikuwa la Msimamizi.

Kadi za Mbeere aliziingiza mwenyewe siku zote, kwa sababu alisema makarani wetu wanaandika majina ya mahali jinsi wanavyoyatamka, na kwamba kijiji kimoja kimewahi kuonekana mara tatu kwenye orodha kwa sababu ya lafudhi tu. Siku ya kengele yeye ndiye aliyekuwa ukumbini akiipiga. Alihesabu wote waliotoka na walioingia, akajisahau, kama yule mtu wa hadithi anayehesabu kundi lao la watu kumi na kupata tisa. Kompyuta yake ilikuwa chumbani, imewashwa, yeye akiwa ndani yake tangu mwezi wa tatu. Na kadi zake zilizochelewa zote zilikuwa za mwanzoni mwa Juni, siku ambazo hazipigi kelele. Zaidi ya thelathini.

Nilimwambia mzee arudi kesho. Akasema hatarudi Gachoka kwa ajili ya kuja tena. Ana binamu hapa mjini, atalala huko. "Lakini Jumamosi ni Jumamosi," akasema. "Wakwe hawahesabu kwa mashine."

Jioni ile nilipanga njia zangu. Ya kwanza: kurekebisha kadi zote kimya kimya. Lakini mashine ingeandika jina langu kwenye kila moja, na angeuliza kwa nini naingilia kadi zake. Halafu kesho angeingiza nyingine. Ya pili: kuzima mashine yake kana kwamba umeme umepotea. Huo ungekuwa uongo, tena wa kutumia umeme. Ya tatu: kumwambia. Kumwambia mwanamke aliyenisamehe kosa langu bila kusema amenisamehe, wiki anayoandika kama nithibitishwe au la, kwamba kosa lile lile sasa ni lake. Niliandika maneno ya kuanzia kwenye karatasi. "Madam, naomba kuuliza." "Madam, huenda nimekosea." "Madam, si lazima iwe wewe." Ya mwisho niliikata mara moja.

Asubuhi, tarehe ishirini na tano, mzee alikuwa kwenye benchi ukumbini, kadi ikiwa juu ya goti. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri zaidi. Nikaingia kwa Msimamizi, na maneno yote ya karatasi yakanitoka kichwani.

"Madam, naomba uandike tarehe ya leo."

"Wapi?"

"Hapo kwa mashine yako."

"Digrii, unanipima?"

"Hapana, Madam. Ndiyo, Madam."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akageuka, akaandika, siku mbele kama alivyotufundisha: ishirini na tano, sita. Akabonyeza. Mashine ikamwambia mwezi huo haupo.

Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafika kwenye kufungasha nguo zangu na kumweleza mama nyumbani. Msimamizi alisogeza kiti nyuma. Akatoka kwenye mashine, skrini ikawa nyeusi. Akasimama, akajinyoosha sketi, akanipita, akatoka nje ya chumba na kufunga mlango. Nikabaki peke yangu na seva.

Mlango ukabishwa.

"Hodi," sauti yake ikasema.

"Karibu," nikasema.

Akaingia, akaketi, akaandika jina lake na neno lake la siri, tukangoja zile dakika nne. Akaandika tarehe. Mashine ikakubali.

"Kadi ngapi?" akauliza.

"Thelathini na nne, Madam."

"Ya nani imekuleta?"

Nikamwonyesha benchi kupitia mlangoni. Akaenda mwenyewe. Nilidhani atasema mashine ilikuwa na hitilafu, kama tunavyosema sote, hata leo. Alimpa mzee mkono, akamsalimu kwa lugha ya kwao, kisha akasema kwa Kiswahili, ili sisi wote tusikie, "Mbuzi wako wamechanjwa tarehe nane mwezi huu, Mzee. Aliyewapeleka mwezi wa nane ni mimi."

"Si mashine?"

"Mashine ilifanya vile niliiambia mwezi wa tatu."

Mzee akamwangalia kwa heshima mpya. "Ulikuwa umekaa ndani sana," akasema.

Kibali kilitoka kabla ya saa tano, na kwenye ubao wa matangazo, chini ya mahali tangazo langu lilipokuwa, Msimamizi akabandika karatasi kwa mkono wake: ALIYECHELEWA KUTOKA: MSIMAMIZI. Ilikaa wiki mbili. Karani mkuu alitaka kuibandua kwa heshima yake, naye akamkataza.

Hayo yote yalipita, na kuhusu barua yangu hakusema neno. Juni ikaisha. Julai ikaisha. Nilifikiri: amekasirika. Baadaye nikafikiri: hajakasirika, ananichunguza. Miezi sita ya majaribio ikawa mwaka, ukawa miwili. Niliogopa kuuliza, kwa sababu asiyeuliza hawezi kujibiwa "la". Nilifika wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Mwaka wa pili nikapewa siku za likizo, nikazikataa, nikiamini ni mtego wa kuona kama mtu wa majaribio anajua nafasi yake. Msimamizi akastaafu na kurudi kwao Githongo, huko Meru. Siku ya kumuaga nilisimama nyuma kabisa nikila keki kwa hadhari.

Nilimtembelea mwaka uliofuata, nikiwa na mkate, sukari na ombi. Nilimkuta kwenye kahawa yake, kikapu kiunoni, akichuma zilizoiva kwa kasi ile ile ya kuchomeka nyaya.

"Digrii! Bado uko na huo uso?"

"Bado, Madam."

"Shika tawi hili. Usichume kijani."

Tulichuma kidogo. Alinieleza habari za ofisi yetu, ambazo nyingi sikuzijua ingawa mimi ndiye niliyetoka huko. Hatimaye nikakohoa.

"Madam, nina ombi dogo. Msimamizi mpya hanijui vizuri. Ningeomba uniandikie barua, maneno machache tu, juu ya kuthibitishwa kwangu."

"Kuthibitishwa nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Hii yangu, Madam."

Mikono yake ikasimama. "Digrii, wewe ulithibitishwa. Ile wiki ya mbuzi. Nilikupendekeza siku iliyofuata, na barua ikarudi Julai."

"Sikuiona."

"Iko kwa faili yako."

"Faili yangu iko kwa kabati."

"Na ufunguo wa kabati anakaa nao nani?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ulikuwa umenichoma paja njia nzima kutoka Embu.

"Hujawahi kufungua?"

"Niliona si adabu mtu kusoma faili yake mwenyewe."

"Ngoja kwanza." Alivua kikapu, akakiweka chini. "Kila Ijumaa kikao kikiisha, nikisema wale wa kudumu wabaki tuongee mambo yetu, wewe ulikuwa unasimama unatoka."

"Ndiyo, Madam. Nilikaa nje na mlinzi."

"Mimi nilidhani unaenda kuangalia mashine! Nimekusifu mbele ya watu! Nimewaambia, muoneni Digrii, hata kikao cha wakubwa anakiacha kwa ajili ya kazi!"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika shina la mti wa kahawa, hadi jirani yake ng'ambo ya ua akauliza kwa Kimeru kuna nini, naye akamjibu sentensi ndefu ambayo ndani yake nilisikia "Digrii" mara tatu, na jirani naye akaanza. Mimi nilisimama na tawi mkononi nikijaribu kuhesabu nilichokuwa nikikiogopa muda wote ule. Alipopata pumzi alifuta macho kwa kiwiko, akanitazama, na kicheko kikamwishia usoni taratibu.

"Miaka miwili na zaidi," akasema. "Ningekuambia kwa mdomo. Niliona barua inatosha."

"Ningeuliza, Madam."

"Ungeuliza." Akaokota kikapu. "Haya, twende ndani ule kwanza. Halafu urudi Embu, ukafungue hilo kabati."

Nilifungua Jumatatu. Barua ilikuwa ya pili kutoka juu, fupi kuliko nilivyotarajia, bila "au la" popote. Ijumaa kikao kilipoisha, Msimamizi mpya akasema wa kudumu wabaki. Miguu yangu ilikwisha kusimama kwa mazoea, nikairudisha chini. Karani mkuu alinitazama, akanisogezea sahani ya mandazi. Baada ya dakika kumi hivi mlango ulifunguka kidogo, mlinzi akachungulia, macho yake yakazunguka chumba chote mpaka yakanipata.

"Samahani," akasema. "Sijamwona huko nje. Nilidhani ni mgonjwa."